Siku mbili kwa pikipiki katika Uhehe: Lugalo, Kalenga na Mlambalasi kwa mpangilio wa miaka

Mwendo wa Pole (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimekuwa msomaji wa nyuzi za safari kwa miaka kadhaa bila kuandika lolote, na maelezo ya wenzangu yamenisaidia mara nyingi, hivyo leo nimeona nami nilete yangu. Mwisho wa juma uliopita mimi na mke wangu tulitoka Mafinga kwa pikipiki yetu moja, tukaenda kuvitembelea vijiji vya kihistoria vinavyouzunguka mji wa Iringa, vile vya vita vya Wahehe wa Mkwawa dhidi ya Wajerumani, tukarejea Jumapili usiku tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tulirudi na jambo moja ambalo ningependa kila anayepanga safari ya namna hii alifikirie: vijiji hivi vitembelewe kwa mpangilio wa miaka, si kwa urahisi wa barabara.

Mimi nilikuwa nimepanga njia kama madereva wengi wanavyopanga, yaani kwa kuhesabu mafuta na kuogopa giza. Kalenga ingekuwa Jumamosi kwa sababu iko karibu na mji, Mlambalasi Jumapili, na Lugalo tungeipitia tu kama tungebaki na nguvu, kwa kuwa nilisikia hakuna mengi ya kuona. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari, aliisoma karatasi yangu kisha akaniuliza, "Baba Neema, unataka tuione ngome iliyobomolewa kabla hatujajua kwa nini Wajerumani walikuja kuibomoa?" Nilibisha kwa hoja ya kilomita, naye akanijibu kwa hoja ya miaka: Lugalo, walikoshinda Wahehe, ni 1891, Kalenga, ilikotekwa ngome yao, ni 1894, na Mlambalasi, alikofia Mkwawa, ni 1898, na yote yalitokea ndani ya miaka 7 tu. Ubishi ulikwishia hapo, na karatasi ikaandikwa upya.

Niseme jambo jingine, kwa kuwa linahusiana na yatakayofuata. Mke wangu ni Mhehe na mimi ni Mbena wa Njombe. Kwao, jina la Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, mtawala wa Wahehe ambaye wengi tunamwita Mkwawa, ni jina la fahari tupu. Kwetu sisi, ambao mababu zetu walipigana na Wahehe wakati baba yake Munyigumba alipokuwa akiipanua himaya yake, jina hilo lilitajwa pia kwa hofu, na nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini kitabu cha shule kinamsifu mtu ambaye wazee wetu walimsimulia kwa sauti ya chini. Nilikwenda safari hii nikiwa na hayo moyoni.

Tuliondoka Mafinga saa moja asubuhi. Wanaoijua Julai ya Mafinga wanajua maana yake: ukungu umelala juu ya misindano ya Sao Hill, vidole havikunjuki vizuri kwenye klachi, na kioo cha helmeti kinapata unyevu kila unapopumua. Tulipofika Tanangozi jua lilikuwa limepanda, tukanywa chai ya tangawizi na kuvua sweta moja moja. Kabla ya kuingia Iringa tulikata kulia tukaenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, kwa sababu kama mtu anafuata miaka basi hakuna pa kuanzia pengine. Zana za mawe zilizoko pale, mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili, ziligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukaongozwa na mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Pamoja nazo yalipatikana mabaki ya viboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, ambao macho yao yalikaa juu sana ya fuvu. Nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo zinapendeza mno kwa picha, na wengi huenda kwa ajili hiyo. Mimi nilipendezwa zaidi na mawe yenyewe, kwa jinsi yanavyokaa vizuri kiganjani. Sitakaa sana hapo, kwa maana uzi huu ni wa miaka 7 ile.

Fundi wa Ipogolo

Ndugu Mwendo wa Pole, hongera kwa safari na kwa kuandika kwa utaratibu. Kabla hujaendelea, naomba utueleze ni pikipiki ya ukubwa gani, na mlijipangaje kwa watu wawili pamoja na mizigo. Vijana wengi wanakuja kwangu wakiwa wamevunja spoki za tairi la nyuma kwa sababu walijaza mzigo bila kukaza chochote.

Mwendo wa Pole

Asante sana, mkuu, swali lako ni la msingi. Ni pikipiki ya kawaida ya cc 150, ile ile ambayo bodaboda wengi wanaitumia. Wiki moja kabla ya safari nilibadilisha oili, nikakaza na kulainisha cheni, nikamwomba fundi akague spoki moja baada ya nyingine kwa kuzigonga na spana, kwani iliyolegea hutoa mlio tofauti. Upepo wa tairi la nyuma tuliuongeza kidogo kwa sababu ya uzito wa watu wawili. Mizigo ilikuwa mkoba mmoja uliofungwa kwa mpira juu ya keria, nao ulibeba nguo chache, makoti ya mvua, spana, tyubu moja mpya, viraka, solusheni na pampu ya mkono. Mke wangu alikunja kitenge mara nne akakiweka kwenye siti, na tulikubaliana kusimama kila baada ya kilomita 40 hata kama hakuna aliyechoka. Makubaliano hayo aliyasimamia yeye, kwa sababu anayeendesha huwa hajui maumivu ya anayebebwa.

Sasa niendelee na Lugalo.

Kutoka Isimila tulishuka hadi Ipogolo, hatukupanda mjini, tukaendelea na barabara kuu ya kwenda Morogoro. Kama nilivyoonywa, hakuna mengi ya kuona: kuna mnara uliojengwa kwa ajili ya Wajerumani waliouawa pale, kuna majani makavu, na malori ya kwenda Tunduma yanapita kwa kishindo. Ukitafuta makumbusho yenye vioo utarudi umekasirika. Lakini ukizima pikipiki, ukavua helmeti na kuitazama nchi, utaelewa kwa dakika 10 jambo ambalo mimi sikulielewa kwa miaka yote ya shule.

Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walikuwa wamempa jina la Nyundo, kilikuwa kikipita hapo katika msururu mrefu, askari wakifuatwa na wapagazi na punda waliobeba mizinga. Msururu wa namna hiyo hauwezi kujikusanya haraka. Ukisimama pale unaona jinsi miinuko, mawe na vichaka vinavyoweza kuficha watu wengi karibu kabisa na njia. Jeshi la Wahehe, linalokadiriwa kuwa na watu 3,000, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, lilitoka mafichoni na kuuvamia msururu ule kwa ghafla. Bunduki inahitaji nafasi na muda, na kwa umbali ule vyote viwili havikuwepo. Zelewski aliuawa, pamoja na Wajerumani wengine na sehemu kubwa ya askari wake weusi, na silaha nyingi zikachukuliwa.

Mke wangu alinionyesha kwa mkono, "Wangekuwa hapa, na hapa, na nyuma ya lile jiwe." Nilihesabu hatua kutoka ukingo wa majani hadi mahali alipoonyesha kuwa njia ingepita. Zilikuwa 22. Sidai kwamba tulisimama mahali penyewe hasa, kwa kuwa njia ya wakati ule si barabara ya leo. Nasema tu kwamba hatua 22 ni mbio za pumzi moja, na tangu siku hiyo sijisikii tena kuyaita mapigano yale bahati.

Jambo lililotukalisha kimya ni askari weusi wa kikosi kile. Walikuwa watu walioletwa kutoka mbali, baadhi kutoka Sudan na wengine kutoka kusini, upande wa Msumbiji, wakafia katika nchi ambayo hawakuijua jina. Mke wangu husema darasani kwamba Wajerumani walipigana na Wahehe. Pale aliniambia kwamba Jumatatu ataisema sentensi hiyo kwa namna nyingine.

Tulirudi Iringa jioni, tukalala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida. Kabla ya chakula tulipanda Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akiketi hapo kutafakari. Kutoka juu unauona mji wote, na jina la mji lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome.

Bibi wa Kihesa

Kamwene, mwanangu, na umsalimie mkwe wetu, yaani mkeo, kwa maana sisi Wahehe ndio tuliokupa. Nimesoma kwa makini. Umeandika vizuri kuhusu hofu ya Wabena, wala sijakasirika, kwa kuwa wazee wetu wenyewe walikuwa wakisema kwamba mtwa, yaani mtawala wetu Mkwawa, alikuwa mkali hata kwa watu wake. Ninachoomba ni kimoja. Mtakapofika Kalenga katika simulizi hii, tafadhali usiweke picha ya fuvu lake lililo makumbusho. Wageni wengi wanaipiga na kuirusha mtandaoni kana kwamba ni chombo cha kale kama chungu. Yule ni mtu, na ana wajukuu.

Mwendo wa Pole

Shikamoo, Bibi. Nashukuru kwa salamu na kwa ombi lako. Picha hiyo sikuipiga kabisa, na sababu utaiona hapa chini.

Jumapili tulitoka Iringa saa mbili asubuhi kwa barabara ya kwenda Msembe, ile inayoelekea hifadhi ya Ruaha. Kalenga iko umbali wa kama kilomita 15 tu. Ni kijiji tulivu, kina mashamba ya mahindi na nyanya, na mto Ruaha Mdogo unapita kando yake. Mtu asiyejua angepita bila kupunguza mwendo. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mkwawa, na hapa ndipo alipojenga ngome ya mawe na udongo ambayo wasafiri wa wakati ule waliishangaa kwa ukubwa wake. Leo ukuta ule umebaki vipande vichache, na bila mwenyeji wa kukuonyesha unaweza kuukanyaga ukidhani ni tuta la shamba.

Kwa kuwa tulikuwa tumetoka Lugalo, Kalenga ilitusomeka kwa namna nyingine. Ushindi wa 1891 ulikuwa aibu kubwa kwa serikali ya Kijerumani, nayo haikuisahau. Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ilivamiwa na kutekwa. Mkwawa hakukamatwa. Nilimsikia mke wangu akisema polepole, kama anayejisemea, kwamba watu walioshinda kwa kujificha majanini walishindwa walipojifungia ndani ya ukuta. Ni hoja yake, si yangu, lakini nimeitafakari wiki nzima na naona ina uzito: ukuta uliwapa Wajerumani kitu cha kupiga mizinga, na Lugalo hakukuwa na kitu cha namna hiyo.

Makumbusho ya Kalenga ni nyumba ndogo. Kuna mikuki, ngao, marungu na bunduki, na nje kuna makaburi ya ukoo, likiwamo la Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu liko ndani, katika kisanduku cha kioo.

Historia ya fuvu hilo nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi tunaijua nusu nusu. Baada ya Mkwawa kufa mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa na baadaye kikapelekwa Ujerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka jambo hilo katika kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Kifungu hicho hicho kiliagiza pia kurejeshwa kwa Kurani ya Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi. Fikirini jambo hilo: mkataba uliogawa nchi na kupanga mipaka ya mataifa ulitenga nafasi kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja wa Kalenga. Miezi 6 ile ikageuka miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu 2,000, na kati yake 84 yalitoka Afrika Mashariki. Vipimo vililinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika yale yaliyokaribiana likachaguliwa lile lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga na kukabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi.

Mke wangu aliingia akiwa ameshika helmeti mkononi. Aliposimama mbele ya kioo aliiweka chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayevua viatu msikitini, akasema "Kamwene" kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua moja nyuma yake niliisikia kwa shida. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu, nikairudisha mfukoni. Bibi, hiyo ndiyo sababu.

Na mimi Mbena nilijisikiaje? Sikuona adui wa mababu zangu. Niliona mfupa mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilijiuliza pia kuhusu yale mafuvu mengine 83, ambayo hayakuwa na gavana wa kuyafuata, na mengine huenda ni ya watu wa kwetu.

Bibi wa Kihesa

Umenitoa machozi, mwanangu. Endelea.

Mwendo wa Pole

Mlambalasi iko mbele zaidi kwenye uelekeo huo huo, takribani kilomita 50 kutoka Iringa. Kuanzia hapa safari ilikuwa ya vumbi na changarawe. Kuna sehemu barabara imejikunja mikunjo midogo midogo kama ubao wa kufulia, na hapo ukienda polepole unatikisika meno, ukienda kasi tairi linapoteza mshiko. Nilichagua polepole. Nchi inabadilika pia: ubaridi wa Iringa unabaki nyuma, miti inakuwa mifupi na ya miiba, na hewa inaanza kunukia majani makavu.

Umbali huo wenyewe ni sehemu ya historia. Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa aliishi porini kwa karibu miaka 4, akihama kutoka sehemu hadi sehemu, akilishwa na kufichwa na watu wake, huku Wajerumani wakiahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta. Kwa pikipiki tulitumia saa moja na nusu tukiwa tumeshiba chai na chapati, na bado nilitamani kufika. Mtu anayetoka mjini kwa gari lenye vioo vilivyofungwa hataipata habari hii, kwa kuwa gari linaufupisha mwendo na kuifuta harufu. Ndiyo maana napendekeza pikipiki, au hata baiskeli kwa wenye nguvu.

Tulipofika tulipanda kwa mguu pamoja na mwenyeji wa kijijini. Kuna mwamba mkubwa wenye kivuli chini yake, na kaburi la mwili wake liko huko. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Kikosi cha Sajini Merkl kilipofika kilikuta miili miwili, wake na wa kijana aliyekuwa amebaki naye. Kwa hiyo mwili wa mtu yule yule uko Mlambalasi na fuvu lake liko Kalenga, na sisi siku hiyo tulikuwa tumeendesha kutoka kimoja hadi kingine. Jambo hilo nililijua kwa maneno tangu shule ya msingi. Kulijua kwa kilomita kuna uzito wake.

Chini ya mwamba huo huo wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kukuta mifupa ya watu wa Enzi ya Mawe na shanga zao. Mahali alipokwenda kufia palikuwa tayari ni maziko ya watu wa maelfu ya miaka kabla yake. Mke wangu alitabasamu akaniambia, "Unaona kwa nini tulianzia Isimila?"

Wakati wa kurudi tulipata pancha ya tairi la nyuma, mbali na kijiji, saa nane mchana. Mwiba wa mgunga, mrefu kama njiti ya kiberiti, ulikuwa umezama wote. Nilifungua mkoba nikitafuta vyuma vya kufungulia tairi, na havikuwamo. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa hivyo. Tulikaa kivulini kama dakika 40 hadi alipopita kijana wa bodaboda aliyebeba magunia mawili ya mkaa, naye akashuka bila kuombwa, akatoa vyuma vyake, tukavua tairi pamoja. Tuliweka tyubu mpya, mke wangu akapampu kwa zamu na mimi, na kijana yule akakataa fedha hadi tulipomwambia kwamba ni za soda. Ile ya zamani aliichovya kwenye maji kidogo tuliyokuwa nayo, akafuata viputo hadi akaona tundu, akalikwangua, akapaka solusheni, akangoja ikauke hadi isinate kwenye kidole, ndipo akabandika kiraka. "Wengi hawangoji," alituambia. Tyubu ile iko kwenye mkoba wangu hadi leo, na kiraka hakijaachia.

Kwa kuchelewa huko tulipita Tosamaganga jua likizama. Misheni ile ilianzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati vumbi la Kalenga lilikuwa halijatulia, na Wamisionari wa Consolata wakaipokea mwaka 1919. Tuliyaona majengo yake ya matofali na mapaa mekundu kwa dakika chache tu, tukashika barabara kuu. Mafinga tulifika saa mbili kasorobo usiku, na kuendesha kwenye barabara ile gizani, pamoja na malori, ni jambo ambalo sitalirudia na simshauri mtu.

Mpanda Nyika

Mkuu, nimeufurahia uzi, lakini natofautiana nawe kuhusu Lugalo. Mnara ule uliwekwa kwa ajili ya Wajerumani. Kusimama pale na kutafakari ni sawa na kuwaheshimu waliokuja kututawala. Mimi ningempeleka mtu moja kwa moja Kalenga na Mlambalasi, kwa mtu wetu.

Mwendo wa Pole

Ndugu yangu, nimeliheshimu wazo lako na nimemsomea mke wangu. Jibu lake naliandika kama alivyolisema: "Ukimwondolea Lugalo, unamwachia Mkwawa kushindwa na kufa tu. Kalenga alishindwa, Mlambalasi akafa. Mahali pekee ambapo unaweza kusimama na kusema hapa walishinda ni pale penye mnara wa wenzao. Kwamba mnara ni wa walioshindwa ndiko kunakonifurahisha." Nami naongeza kwamba ardhi ile si ya mnara. Mnara umekaa hatua chache tu, na mabonde yote yaliyobaki ni ya waliojificha.

Fundi wa Ipogolo

Mwalimu amejibu. Naomba mniruhusu nimkumbushe ndugu yetu kuhusu vyuma vya tairi. Viwili havitoshi kwa tairi la nyuma lenye ukingo mgumu, abebe vitatu. Pia mtu akipanga safari hii wakati wa masika, barabara ya Msembe huwa na tope linaloganda kwenye madigadi hadi tairi linagoma kuzunguka, na huo ndio wakati ambao ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapatikana kwa wingi vijijini. Dereva asiuonje hata kikombe kimoja. Ule mtamu wa asubuhi unageuka mkali kufikia mchana.

Mwendo wa Pole

Nimeandika, mkuu: vyuma vitatu. Na ulanzi tuliuacha kwa ajili ya siku ya kukaa nyumbani.

Kuna swali limekuja faraghani kuhusu gharama. Mafuta tuliyotumia kwa safari nzima ni lita 9 kasoro, kwa mwendo ambao kilomita zake zilikaribia 340, tukiwa wawili na mkoba. Viingilio vya Isimila na Kalenga ulizeni mlangoni, kwa kuwa hubadilika, na mbebe fedha taslimu kwa ajili ya mwenyeji wa Mlambalasi. Mke wangu alinunua kikapu kimoja cha milulu njiani, akakivaa mgongoni hadi nyumbani kwa sababu mkoba ulikuwa umejaa.

Jana usiku alikuwa akisahihisha madaftari, akainua kichwa akaniambia kwamba mpangilio wake wa miaka ulikuwa na kasoro. Tulianza na 1891, lakini Mkwawa alizaliwa karibu na mwaka 1855 huko Luhota, nasi Luhota hatukufika. Nimeitazama ramani. Tumekubaliana Jumamosi ya pili ya Agosti, kabla ya tarehe 17, na vyuma vya tairi nimevifunga chini ya siti.